Kuinyamazisha Datsun Bila Kuikata Ulimi

Datsun 240Z yenye ekzosi kamili si gari la kelele. Nikisema hivyo watu hunicheka, maana zile chache zilizobaki Kenya husikika mtaa wa pili kabla hazijaonekana. Lakini gari hili lilipozinduliwa mwaka 1969 lilikusudiwa mtu wa kwenda nalo ofisini Jumatatu na kujinafasi nalo Jumamosi: silinda sita za mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili ubavuni, na sailensa ya kiasi huko nyuma. Kelele tumeitia sisi, kila mmiliki akiongeza yake juu ya ya aliyemtangulia.

Lawama nyingine naitupia Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda kwa 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta kwenye gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 ikafika zamu ya Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Walimaliza sawa kwa pointi na Harry Källström, naye pia akiendesha Datsun, ikabidi sare ivunjwe kwa kanuni. Basi tangu hapo kila aliyeshika Z hapa kwetu alitaka yake ilie vile, akasahau kwamba gari la mashindano halina zulia, dereva wake amevaa helmeti, na huko linakopita usiku hakuna mtoto aliyelala nyumba ya pili.

Yangu nilirithishwa na mjomba. Yeye aliinunua kwa mtu aliyekuwa ameshaing'oa ekzosi yote ya kiwandani, akachomelea bomba moja la inchi mbili na nusu kutoka mbele hadi nyuma, na mwishoni akabandika kisailensa cha kung'aa, mdomo mpana, tumbo hakuna. Mjomba aliipenda hivyo hivyo. Yeye anaishi shambani, majirani zake ni mikorosho.

Mimi naishi Tudor. Jirani yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alinisubiri nje ya msikiti baada ya Isha, akanishika mkono kama kawaida, akauliza hali za nyumbani zote, moja moja, mpaka nikajua kuna jambo. Kisha: "Mwanangu, gari lako zuri, mashaallah. Ila mjukuu wangu akishalala tu, ndipo na wewe unarudi." Nikamwambia, "Shikamoo, mzee, nimekuelewa." Akacheka. Shikamoo nilikuwa nimeshampa mwanzo.

Lakini niseme ukweli wangu: hata bila mzee yule ningelitafutia dawa. Kelele ya mtaani ilimsumbua yeye. Mimi nilisumbuliwa na kitu kingine kabisa, nacho hakisikiki ukiwa umesimama nje. Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mariakani barabara ikanyooka na gari likatulia kwenye kilomita 100 kwa saa, gia ya tano, unaanza mvumo. Si sauti ya kusikia kwa masikio tu. Unaisikia kwenye meno, kwenye kifua, nyuma ya macho. Ukifika Voi huna hamu ya chai. Ukifika Mtito Andei unamchukia kila aliyekaa nawe ndani ya gari.

Kelele ya nje na mvumo wa ndani ni maradhi mawili, na dawa zake ni mbili. Mafundi wengi huyatibu kwa kidonge kimoja: "Tia sailensa kubwa." Utaitia, jirani atashukuru, na wewe utaendelea kuumwa kichwa hadi Nairobi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya silinda sita ya mapigo manne hulipua kila silinda mara moja katika mizunguko miwili, yaani milipuko mitatu kwa kila mzunguko. Kwa difu (gia za ekseli ya nyuma) na matairi ya gari langu, kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano ni kama mizunguko 2,800 kwa dakika. Gawanya kwa 60, zidisha kwa tatu: mapigo 140 kwa sekunde, hezi 140. Huo ndio mvumo wangu. Valvu ya kutolea moshi hufunguka huku ndani ya silinda bado kuna mgandamizo mkubwa, na kila kishindo cha gesi kinachotoka kinasukuma wimbi la sauti mbele yake. Bomba la urefu fulani huwa na sauti zake linazozipenda, na chumba cha gari pia kina zake. Zikikutana kwenye mizunguko ile ile unayoishikilia safari nzima, umeisha. Kwenye Z mambo ni mabaya zaidi kwa sababu hakuna ukuta kati ya viti na buti. Nyuma ni mlango mmoja mkubwa wa kioo, chini yake bati, chini ya bati ekzosi.

Nilipakua programu ya kupima desibeli kwenye simu. Si kifaa cha maabara, lakini kwa kulinganisha jana na leo inatosha, ilimradi simu ni ile ile na umesimama pale pale. Kipimo cha gari lililosimama kina desturi yake ya zamani: maikrofoni nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kando kwa pembe ya digrii 45, na injini inashikiliwa kwenye robo tatu ya mizunguko inayotolea nguvu zake za juu. Nguvu za 240Z hufika kileleni kwenye mizunguko 5,600, kwa hiyo robo tatu ni 4,200. Majirani wa gereji waliniomba nifanye haraka.

Kilichonifundisha zaidi ni pale nilipokaa na simu hiyo hiyo ndani ya gari barabarani. Mvumo unanivunja mbavu, na simu inaonyesha namba ya kawaida tu, kama hakuna neno. Sababu ni kwamba vipimo vingi vya kelele hutumia mizani inayoitwa A, iliyowekwa ili ifuate sikio la binadamu, ambalo sauti nzito halizisikii kwa wepesi. Kwenye hezi 125 mizani hiyo hupunguza desibeli 16 kabla ya kukuonyesha chochote. Kwa hiyo mvumo wa hezi 140 unaingia ukiwa umekatwa miguu. Niligeuza mipangilio ya programu ikaacha kupunguza, namba ikaruka. Mtu akikuambia gari lako halina kelele kwa sababu kipimo kimesema hivyo, muulize ametumia mizani ipi.

Kabla ya kununua chochote, fundi wangu wa Changamwe alikataa kata kata kuzungumzia sailensa. Ni mzee wa maneno machache, na ukimletea habari za mtandaoni hukuangalia hadi umalize kisha huendelea na alichokuwa akifanya. Alitaka kwanza kujua gari linavuja wapi. Aliliwasha asubuhi likiwa baridi, akakunja kitambaa kilicholowa maji, akaniambia nikibane kwenye mdomo wa ekzosi kwa muda mfupi tu, na yeye akalala chini na kipande cha bomba la mpira sikioni, ncha nyingine akiipitisha kila kiungo. Gesi ikikosa pa kutokea nyuma hutafuta tundu lolote. Ikalia *pssss* pale bomba linapoungana na manifoldi, ile mikono inayokusanya moshi wa silinda zote, na tena karibu na silinda ya sita.

Ile ya silinda ya sita nilikuwa nikiisikia siku zote bila kuijali: tik-tik-tik asubuhi, injini ikipata moto inanyamaza. Watu hudhani ni valvu. Kumbe kichwa cha injini hii ni aluminiamu na manifoldi ni chuma cha kusubu, na viwili hivyo havitanuki sawa. Miaka nenda miaka rudi vinavutana, na bolti za mwisho, za mbele kabisa na za nyuma kabisa, ndizo hukatika. Likipata moto chuma kinatanuka na kuziba tundu, ndiyo maana tik-tik inapotea. Yangu ilikuwa imekatika, kipande kimebaki ndani ya kichwa. Kukitoa bila kuharibu nyuzi za aluminiamu ni kazi ya kumwaga mafuta ya kulegezea kutu, kusubiri, kupasha moto, kusubiri tena, na kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki ili spana ipate pa kushika. Mzee aliifanya kazi hiyo huku akisikiliza redio. Gasketi mpya, bolti mpya, na nusu ya ukali wa sauti ukaondoka kabla sailensa haijaguswa. Sijui ni wangapi wamenunua sailensa za bei mbaya kwa ajili ya bolti moja.

Jambo la pili alilolikuta ni bomba kugusa bodi. Ekzosi inatakiwa ining'inie kwenye raba. Yule aliyechomelea bomba la inchi mbili na nusu alikosa nafasi, akaliegemeza kwenye bati la sakafu, na sehemu moja badala ya raba ametia kipande cha nondo. Kwa hiyo kila tetemeko la injini lilikuwa linapanda moja kwa moja kwenye sakafu, na sakafu nzima imekuwa ngozi ya ngoma. Nafasi ya vidole viwili pande zote, alisema, na raba laini. Basi.

Bomba lenyewe likaondoka. Hapa ndipo hubishana na marafiki. Wapo wanaosema injini inahitaji kuzuiliwa moshi nyuma ili iwe na nguvu, na wapo wanaosema bomba pana zaidi ni nguvu zaidi. Wote wawili wamekosa. Injini haihitaji kuzuiliwa. Inahitaji gesi itoke kwa mwendo mzuri, kwa sababu gesi inayokwenda kasi huacha nyuma yake upungufu wa mgandamizo unaosaidia kuvuta ile inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi kwa injini yako, gesi inapoa, inazubaa, na kinachoongezeka ni kelele na uzito tu. Kwa lita 2.4 yenye kabureta zake za asili, inchi mbili zinatosha. Inchi mbili na nusu ni za mtu aliyebadilisha kemshafti na kabureta na ana mahali pa kukimbizia.

Tulipinda bomba wenyewe kwa mchanga, na hii nitaieleza kwa sababu vijana wengi hawajaiona tena siku hizi za mashine. Kwanza fundi aliingia chini ya gari na waya mnene, akaupinda ukafuata njia yote ambayo bomba litapita: chini ya manifoldi, kando ya gia boksi, juu kidogo kuikwepa difu, hadi nyuma. Waya huo ndio ramani. Kisha bomba lilijazwa mchanga uliochekechwa, ukapigwapigwa kwa nyundo ya mti ili ushindiliwe, ukajazwa tena, na ncha zote mbili zikazibwa kwa vigingi vya mbao. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Aliukaanga kwanza kwenye bati, na nilipomuuliza kwa nini alinijibu kwa swali: "Maji yakichemka ndani ya chuma kilichozibwa, yatatokea wapi?" Halafu moto wa gesi, upande wa nje wa kona ukipashwa zaidi ya wa ndani, chuma kikaiva chekundu, na wanafunzi wake wawili wakakivuta taratibu kwenye bomba kubwa lililochimbiwa ardhini, waya ukiwekwa juu yake kila mara kupima. Bila mchanga, kona ingebonyea na bomba la inchi mbili lingekuwa la inchi moja pale linapohitaji nafasi zaidi. Ndani ya bomba lile sasa unaweza kupitisha mpira wa tenisi ya meza hadi karibu na mwisho. Tulijaribu.

Nikiwa nasubiri chuma kipoe nilisoma habari za waliobuni vitu hivi. Milton Reeves na ndugu yake, watu wa Columbus, Indiana, walipata hataza ya kifaa cha kupunguza kelele ya moshi wa injini mwaka 1897, kabla watu wengi hawajaliona gari hata moja. Jina la pili linatuhusu zaidi. Hiram Percy Maxim alipata mwaka 1909 hataza ya kifaa cha kunyamazisha bunduki, na maarifa hayo hayo akayapeleka kwenye sailensa za injini: gesi ya moto itokayo kwa kishindo, ipe nafasi itanuke na kupoa taratibu kabla haijakutana na hewa ya nje. Baba yake ni yule Maxim wa mzinga wa Maxim, bombom iliyoletwa Afrika Mashariki kuwanyamazisha babu zetu kwa namna nyingine. Kwa miaka ya kufanya kazi kando ya bunduki zake, mzee Maxim akawa kiziwi. Sijaona mahali pa kuipeleka habari hii kwenye makala haya, lakini sikuweza kuiacha.

Turudi kwenye sailensa. Ziko za namna mbili, na nyingine huchanganya. Ya kwanza ni ya kunyonya: bomba lenye matundu madogo madogo linapita moja kwa moja katikati ya kopo, na kati ya bomba na kopo kumejazwa pamba ya nyuzi za kioo. Gesi inapita bila kizuizi, sauti inaingia kwenye matundu na kupotelea ndani ya pamba ikageuka joto kidogo. Hii inaua vizuri sauti kali, ule mkwaruzo wa juu. Ya pili ni ya vyumba: gesi inaingia chumba kimoja, inageuzwa, inarudi mbele, inakwenda nyuma tena, na mawimbi yanagongana na kuta na kuuana yenyewe kwa yenyewe. Hii ndiyo inayoweza sauti nzito. Magari ya kiwandani mengi hutumia ya pili. Wauzaji wa vitu vya kung'aa wanapenda kuuza ya kwanza, tena ndogo, kwa sababu ni nyepesi kutengeneza. Na kwa aina zote mbili kinachonunua ukimya ni ukubwa wa tumbo. Kisailensa cha kiganja hakina miujiza.

Gereji zetu hujaza sailensa za kunyonya kwa stilwuli, ile ya kusugulia sufuria. Ni rahisi, inapatikana kila duka, na wiki za kwanza gari linakuwa tulivu kweli. Lakini nyuzi zake ni nyembamba mno. Kwa joto lile zinaungua, zinashika kutu, zinatoka vumbi jekundu mdomoni mwa ekzosi, na baada ya muda mwenye gari anarudi akidai fundi amemwibia. Tulipoikata ile ya zamani ya gari langu ndani mlikuwa na kiganja kimoja cha unga wa kutu, na hewa. Mpya ilifungwa kwanza kwa tabaka la wuli ya chuma kisichoshika kutu juu ya bomba lenye matundu, ili gesi isizing'oe nyuzi za kioo, kisha nyuzi zenyewe zikafuata, zimeshindiliwa kiasi. Vaa glovu na ujifunge uso. Zile nyuzi zikikuingia kwenye ngozi utazikumbuka ukioga.

Tukaweka ya kunyonya katikati, ndefu na nyembamba, na nyuma kabisa ya vyumba, pana kadiri nafasi ilivyoruhusu. Niliiwasha jioni, nikaipiga resi mara moja, jirani wa gereji mwenye kibanda cha chai akauliza kama gari limeuzwa.

Mtaani kazi ilikuwa imekwisha. Barabarani, pale pale kwenye mizunguko 2,800, mvumo ulikuwepo bado. Umepungua, lakini upo. Mafundi na wenye magari wengi huishia hapo, wakajikubalisha kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo.

Dawa yake ni kipande cha bomba kisichokwenda popote. Unatoboa ubavu wa ekzosi, unachomelea pale tawi la bomba la upana unaokaribiana, unalikunja lilale sambamba na ekzosi, na mwisho wake unauziba kabisa. Gesi haipiti humo. Sauti ndiyo inayoingia: wimbi linakwenda hadi kwenye ncha iliyozibwa, linagonga, linarudi. Ukiupima urefu vizuri, linafika mlangoni likiwa limechelewa nusu ya mwendo wake, kwa hiyo wakati wimbi jipya linapanda, lile linalorudi linashuka, na pale wanapokutana wanafutana. Tawi hilo huua hasa sauti moja, ile uliyolipimia. Nyingine nyingi zinapita salama, na hilo ndilo lililonifurahisha: naondoa kero bila kuugusa wimbo.

Urefu wake ni robo ya urefu wa wimbi. Wengi hukosea hapa kwa kutumia mwendo wa sauti wa hewa ya kawaida, mita 343 kwa sekunde. Ndani ya ekzosi kuna moto, na sauti hukimbia zaidi kwenye gesi ya moto. Kwenye nyuzi joto 200 inafika kama mita 435 kwa sekunde. Gawanya 435 kwa 140, kisha kwa nne: sentimita 78. Ungetumia 343 ungepata 61, ukachomelea, ukaenda hadi Voi na mvumo wako ukiwa mzima, ukatangaza kwamba haifanyi kazi. Joto hubadilika kutegemea tawi liko karibu au mbali na injini, kwa hiyo fundi hakuziba ncha kwa kuchomelea mwanzoni. Aliliacha tawi refu kidogo, akatengeneza kizibo cha kusogea ndani kilichobanwa kwa bolti, nasi tukatoka nalo barabarani, mimi nikiendesha, yeye akiwa amefumba macho. Tukasimama Maungu, akakisogeza kizibo, tukaendelea. Mahali fulani kabla ya Voi alifumbua macho akasema, "Hapo." Nilikuwa nimeshaona: sauti yangu mwenyewe ilisikika ninapozungumza. Aliporudi gereji akakizibia hapo hapo.

Kilichobaki ni injini ya silinda sita kama ilivyozaliwa. Mapigo yake yana nafasi sawa, digrii 120 kwa 120 za mzunguko wa krenkshafti, ndiyo maana inaimba bila kukohoa. Vijana wa Subaru wanaopenda ule mngurumo wa kugugumia wanaupata kwa sababu mikono ya manifoldi yao si ya urefu mmoja, mapigo yanafika kwa kupishana. Kila mtu na mahaba yake. Z ukiikanyaga kutoka mizunguko 4,000 kwenda juu hutoa sauti kavu ya juu, ya kupanda bila ngazi, na hiyo haikuguswa.

Nikaona niifunge na bodi. Z zina sifa ya kunusa moshi ndani, na kelele huingia kwa milango ile ile. Gari likiwa mwendoni, nyuma ya kile kioo kilicholala hutokea mahali penye mgandamizo mdogo, moshi unavutwa hapo, na raba ya mlango wa nyuma ikiwa imekauka unaingia. Ukifungua dirisha unaongeza mvuto, moshi unazidi. Monoksidi ya kaboni haina harufu, kwa hiyo harufu ya petroli unayoisikia ni ya kukuonya tu. Nilibadilisha raba ya mlango, nikaziba matundu ya nyaya nyuma ya taa, na nikahakikisha mdomo wa ekzosi umetoka nje ya bampa. Sakafuni shuka za lami za kiwandani zilikuwa zimepasuka vipande vipande. Nilizibandua kwa patasi, nikaweka mpya za mpira wa butili. Hizi hazizuii sauti kupita. Zinaliongezea bati uzito lisitetemeke, na juu yake ndipo huja zulia zito.

Kwa wanaojali sheria: Kenya ina kanuni za kelele za mwaka 2009, na kwa gari linaloongeza kasi kikomo ni desibeli 84. Ulaya ilianza mwaka 1970 na 82 kwa magari madogo, mwaka 1996 ikashuka hadi 74. Desibeli nane ni zaidi ya kupunguza nguvu ya sauti mara sita. Gari langu ni la enzi ya ile 82 na sina nia ya kulifanya la 1996. Mzee wa jirani sasa huniuliza mbona siku hizi silitoi.

Kwa sisi wa pwani kuna kutu pia. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa maji, na safari fupi za mjini haziipashi sailensa ya nyuma ikatosha kuyakausha. Yanabaki tumboni na kuila kutoka ndani huku nje ingali inang'aa. Mwambie fundi atoboe kitundu cha milimita tatu sehemu ya chini kabisa ya kila sailensa. Hakibadilishi sauti. Asubuhi utaona matone machache sakafuni na wapita njia watakwambia gari linavuja.

Sasa difu inasikika. Kumbe muda wote ilikuwa inagonga, *kluk*, kila nikiachia klachi, na ekzosi ilikuwa inaificha. Fundi anasema ni raba ya kuishikia pale mbele, na kwamba kuifikia lazima ashushe ekzosi yote.